Bakuli la Forosadi

Sogeeni, wanangu, sogeeni huku mbele. Benchi la mbele haling'ati mtu. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia, ukuta huo hautaanguka ukiuachia. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, mwenye simu aizime. Neno lenyewe ni fupi, na likisikiwa nusu litaharibika. Tunyamaze kidogo. Haya.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa kule milimani kwenye baridi, aliyependa vitu vitamu tangu utoto wake. Katika chai yake kijiko kilisimama chenyewe. Maandazi kwake hayakuwa maandazi mpaka yang'ae kwa shira. Uzeeni sukari ikampanda. Akakonda, macho yakaingia ukungu, akawa anakunywa maji kama mtu aliyeshinda akichimba kisima. Nesi wa kliniki akamwambia bila kuzunguka: "Bibi, sukari basi. Wanga nao upunguze. Ukiendelea hivi tutakukata, na tutaanza na vidole vya miguu."

Akarudi nyumbani, akaketi jikoni, akalia. Hakuvililia vidole. Aliyalilia maandazi.

Mke wa mwanawe, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alimsikia. Uani kwao ulisimama mforosadi, ule mti wa vitunda vidogo vyeusi vinavyoacha midomo na rangi ya zambarau. Yule mkwe akaenda kwa nesi, akauliza, na nesi akasema forosadi konzi moja kwa siku, bila sukari, hazina neno. Basi akawa anaengua malai ya maziwa, anayapiga kwa uma mpaka yanasimama. Forosadi nusu anaziponda, nusu anaziacha nzima. Juu anamwagia karanga za kutwanga na mdalasini kidogo, kwenye kibakuli cha bluu.

"Mama, onja."

"Hii ni dawa au chakula?"

"Ni kitindamlo cha mama mkwe wangu."

"Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa rangi."

Lakini akaonja. Kwanza ukali ukamkunja uso. Kisha malai yakaja yakautuliza. Halafu taratibu, kama mgeni anayepiga hodi kwa aibu, utamu wa tunda wenyewe ukafika. Yule mama akafumba macho.

"Kumbe forosadi ni tamu," akasema. "Miaka yote nazizamisha kwenye sukari, sijawahi kuzisikia."

Mmesikia, wanangu? Mungu alikuwa amempa tamu yake. Ndogo, ya bakuli moja, lakini yake. Mwezi wa tatu kipimo kikashuka, hata nesi akampa mkono.

Ikaja masika. Mvua zikanyesha wiki nzima, forosadi zikanywa maji, zikawa chapwa. Yule mama akaweka bakuli mapajani, akaona pamepungua kitu. Mkwe wake alikuwa bombani. Akanyoosha mkono kwenye kopo la nyumba, akatia kijiko cha sukari. Kimoja tu, kwa sababu ya mvua.

Mvua ikaisha. Kijiko hakikuisha.

Akaanza kununua yake, akaifunga kwenye khanga, akaificha sandukuni chini ya nguo alizojiwekea za kuzikiwa. Akawa anakula chumbani, mlango umerudishwa. Forosadi ni nyeusi, ukikoroga nani ataona? Na akimaliza aliosha bakuli mwenyewe, upesi, wajukuu wasije wakalamba wakasema. Majirani wakamsifu: "Mwangalieni mama yule, na ugonjwa wote huo anaosha chombo chake."

Siku moja kiatu kikamchubua kidole gumba. Kidonda kikakaa wiki, kikakaa mwezi, kikaanza kunuka. Wakamlaza hospitali. Daktari akapima, akatikisa kichwa, akasema mguu utakatwa chini ya goti. Yule mwana akarudi nyumbani na hasira isiyo na pa kukaa, akaipeleka jikoni.

"Unamlisha nini mama yangu?"

"Unachokiona. Mboga, maharage kidogo, na bakuli lake."

"Basi ni hilo bakuli."

"Sijalitia hata punje ya sukari. Twende tukamuulize mwenyewe."

Wakaenda, wakasimama kando ya kitanda. "Mama," mwana akauliza, "huyu anakutilia sukari?"

Neno moja tu lilitakiwa pale. Yule mama akamtazama mkwe wake, akaziona kucha zake, bado zina rangi ya forosadi. Akalifikiria sanduku. Akawafikiria majirani na sifa zao. Akafikiria mwanawe atamwonaje mama aliyejikata mguu kwa kijiko. Akasema polepole:

"Mimi nakula ninacholetewa, baba."

Alisema uongo? Niambieni. Kila neno pale lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa shoka.

Mkwe hakupiga kelele. Alisema "Mama" tu, akaweka kikapu chini, akatoka. Kabla jua halijazama alikuwa njiani kwenda kwa wazazi wake, mzigo kichwani, na jina limemtangulia: yule aliyemlisha mama mkwe wake sumu. Mwana akaukata mforosadi.

Mguu nao ukakatwa. Na yule mama akijiambia, kesho nitasema. Kesho nikipata nguvu. Kesho mwanangu akishapoa. Akaisema kesho hiyo siku kumi na moja. Ya kumi na mbili homa ikamshika, akaushika mkono wa mwanawe.

"Mwite mke wako."

"Usiogope, mama," mwana akamjibu, akimpapasa kichwa. "Hatakukaribia tena."

Akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Akafa hivyo, kinywa wazi.

Binti yake mkubwa na mashangazi wawili wakafungua sanduku watoe nguo za maziko. Wakaziinua. Chini yake wakakuta khanga yenye fundo, ndani ya fundo sukari, na ndani ya sukari kijiko chenye rangi ya zambarau mpaka mpinini. Mwana alikuwa mlangoni akingoja nguo. Akakiona.

Sasa sisi. Tusirudi nyumbani tukisema leo tumefundishwa habari za sukari. Ile sukari Mungu angemsamehe kabla hajameza, nani kati yetu hana kifundo chake cha khanga? Kilichomwangamiza ni ile kweli aliyoisema ili mwenzake abebe mzigo wake. Nasi tunazisema. "Mimi sijui, nilikuta hivyo." "Mimi sikumtaja mtu." Tunachagua maneno masafi, tunayatandika juu ya uchafu kama nguo za kuzikiwa, na mtu asiye na kosa anaondoka na mzigo kichwani. Yuko mtu leo anangoja neno moja kutoka kwako. La kumtosha ni hilo neno tu. Unangoja homa?

Na mkitaka kujua nani alirithi nini, ni hivi. Sanduku na khanga alirithi binti mkubwa, na ile ya fundo hakuwahi kujifunga. Nyumba alirithi mwana, pamoja na kisiki cha uani. Bakuli la bluu mwana alilipeleka mwenyewe kwa wakwe zake, akapita njia ya mashambani asionekane, akapiga magoti. Mkewe akalipokea kwa mikono miwili kama alivyolelewa, akaingia ndani, akafunga mlango. Jina la mtia sumu likabaki kwake vilevile, maana waliolisikia walikuwa kijiji kizima, na waliokiona kijiko walikuwa wanne. Na ule ukimya wa marehemu wakaurithi wale wanne, wakagawana sawasawa.