Ukoo Mpya wa Sultani Haidari

Palikuwa na sultani, jina lake Haidari, aliyemwonea haya babu yake. Alikuwa na farasi, mashamba na kasri la ghorofa tatu, lakini babu alikuwa Faki dobi. Mji mzima ulimkumbuka Faki kwa wema. Mwanamke akijifungua, Faki alipita mlangoni kuchukua winda chafu za mtoto, akazifua, akazirudisha zimekauka, asidai kitu. Basi wema huohuo ndio uliomkera Sultani. Atafungaje kilemba cha hariri mtu ambaye babu yake alifua choo cha watoto wa watu?

Akaja mfanyabiashara wa Kiyunani, Bwana Stavro, mpole mwenye masharubu. Akamsimulia Sultani habari za wafalme wa kale wa kwao: Tantalo, aliyekula meza moja na miungu yao, mwanawe Pelopi, mwenye farasi wa mabawa, mjukuu wake Atreo, mwenye kondoo wa manyoya ya dhahabu, na Agamemnoni mwana wa Atreo, aliyeongoza merikebu elfu.

Sultani hakungoja mwisho. "Huo ndio ukoo wangu," akasema.

Kesho yake mbiu ikapigwa. Sultani ni wa nyumba ya Tantalo, na kwa kuwa mfalme wa nyumba ya Tantalo hatumikiwi na watu wachache, kila kaya itoe mtoto mmoja alelewe kasrini. Siku ya kuwapeleka kutakuwa na karamu.

Mwatime alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbaruku, wa meno mawili. Mume alikwisha fariki. Alichobaki nacho ni kikaango cha vitumbua na mdomo. Vitumbua viliungua, mdomo haukupoa. Mwenyewe alikiri: "Mungu alipokuwa akigawa akili mimi nilikuwa naongea, sikusikia nikiitwa."

Mteja wake mwaminifu alikuwa Bwana Stavro. Kila asubuhi alichagua kitumbua kilichoungua kuliko vyote, ili kisimdodee mama wa watu, akakipuliza, na ile sehemu laini ya ndani akampa Mbaruku. Na kwa kuwa mafuta ya Mwatime yalichelewa kupata moto, Bwana Stavro alipata nafasi ya kumalizia hadithi ambayo Sultani hakuingoja.

Siku ya karamu Mwatime akafika kasrini, Mbaruku mgongoni, furushi la mtoto kwapani. Mlangoni askari mzee aliona mguu wa Mbaruku unaning'inia, akaurudisha ndani ya mbeleko. Mwatime akapata nguvu kidogo.

Wakubwa walikuwa wamezunguka masinia ya pilau. Kadhi, Sheikh Badi, alikwisha anza, mfupa mkononi.

"Mlete mtoto," akasema Sultani.

"Nimekuja naye, Maulana. Ila mimi ni mama mjinga, na ukoo wangu ni wa wezi wa kuku. Nataka tu kujua ninamwacha nyumba gani. Ni kweli wewe na Tantalo ni damu moja?"

"Damu moja."

"Nzito?"

"Nzito kama asali."

"Tantalo yule aliyewaalika miungu chakula, akamchinja mwanawe Pelopi, akampika, akawapakulia?"

Mkono wa kadhi ukasimama njiani.

"Nani kasema hayo?" akauliza Sultani.

"Muulize mwenye hadithi."

Bwana Stavro, aliyeketi miongoni mwa wageni, akavuta masharubu. "Ni kweli, Maulana. Walimfufua mtoto, lakini bega lilikuwa limeshaliwa."

Kadhi akautazama mfupa wake. Lilikuwa bega. Akalirudisha siniani taratibu.

"Huyo ni mmoja," akasema Sultani. "Kila ukoo una mkorofi wake."

"Kweli, Maulana. Babu yangu aliiba kuku wa imamu, tena siku ya Idi. Lakini Atreo naye aliwapika watoto wa ndugu yake, akamlisha baba yao. Nikaona labda ndiyo desturi ya nyumba. Agamemnoni akamchinja bintiye apate upepo wa merikebu. Aliporudi vitani akaingia kuoga, mkewe akamuulia humohumo."

Nyuma ya pazia mke wa Sultani akakohoa.

Jasho likamtoka Sultani. "Hayo ni ya zamani. Damu imekuwa nyepesi."

"Sasa hivi tu ilikuwa asali."

Hakuna mkono uliogusa sinia. Pilau likaanza kupoa.

"Kuleni," akasema Sultani.

Akamsogezea kadhi sinia.

"Sheikh Badi, kula."

"Mimi leo nimefunga, Maulana."

"Umefunga na wali ndevuni?" Sultani akageukia baraza. "Kuleni, jamani. Ni mbuzi."

"Tantalo naye hakuwaambia wageni kwamba ni mtoto," akasema Mwatime.

Sultani akatazama masinia yale. Karamu ya mfalme irudi jikoni bila kuguswa? Pwani nzima ingelala ikicheka.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mjukuu wa Faki. Faki dobi. Hakumchinja hata kunguni. Kuleni."

Mikono ikarudi siniani kwa pamoja. Kadhi aliliwahi bega.

"Na watoto, Maulana?" akauliza Mwatime. "Mbiu ilimtaja mfalme wa nyumba ya Tantalo."

"Warudi kwa mama zao." Sultani alisema hivyo akiangalia dari. Alipoishusha shingo, Mwatime bado amesimama palepale. "Mwanamke, mtoto umeshapewa. Unangoja nini tena?"

Mwatime akapiga goti, akaliweka furushi miguuni pa Sultani, akalifungua.

"Winda za Mbaruku, Maulana. Amezilowesha zote njiani. Nizifuate lini, mjukuu wa Faki?"