Jiwe la Kamba na Mgomba wa Hiza

"Jiwe la kamba halimjui mwenye shamba." Baba yenu aliwajibu hivyo asubuhi, mlipotaka awaondoe kwenye zamu ya kusafisha chemchemi kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Sasa mnaniuliza ni jiwe gani hilo, na nani alilifunga kamba. Kaeni niwaeleze, maana nililiona kwa macho yangu.

Mwaka ule walikuja vijana sita wa kujitolea, wakapewa darasa moja la shule walale humo. Asubuhi walichimba makingamaji, mifereji ya usawa inayokata mteremko wetu ili maji yasishuke kwa kasi, kwa sababu kila mvua ilishusha udongo mpaka chemchemini na watoto wakahara. Mchana walipita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu wachemshe maji. Jioni walitufundisha kusoma sisi watu wazima. Kiongozi wao aliitwa Dafrosa, msichana wa Bukoba.

Kipimo chao kilikuwa miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A. Herufi hiyo niliijua pale shambani kabla ya kuiona ubaoni. Juu walining'iniza jiwe kwa kamba. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, basi miguu yote miwili imekaa usawa mmoja. Wanapiga kigingi, wanasogea. Nilikuwa nawafuata nyuma nikishangaa. Jiwe halina macho, lakini liliujua mlima kuliko sisi tuliozaliwa juu yake.

Siku ya tatu vigingi vikaja moja kwa moja kwenye migomba yangu.

Mnajua desturi yetu: kitovu cha mtoto huzikwa chini ya mgomba. Pale palikuwa na vitovu vya wanangu watano, kila kimoja na mgomba wake, cha mwisho kikiwa cha Hiza, ambaye bado nilimbeba mgongoni.

"Mwalimu," nikamwambia Dafrosa, "pitisheni chini kidogo. Hatua tatu tu."

"Jiwe linasema hapa, mama Hiza."

"Jiwe limezaa?"

Wenzake wakacheka. Yeye akaitazama migomba kwa muda. "Kwetu nako mgomba haukatwi hovyo," akasema polepole. Akang'oa vigingi na kuvishusha, nami nikamshukuru Mungu kwa kunisikia.

Mvua ya kwanza ilinyesha toka asubuhi hadi adhuhuri. Maji yalifuata mfereji vizuri mpaka pale ulipopinda kushuka. Hapo yakajaa, yakapasua ukingo. Korongo likala udongo kurudi juu, migomba minne ikaporomoka na vitovu vyake. Tope lote likaishia chemchemini, na baada ya siku mbili Hiza akaanza kuhara.

Siku tano sikutoka nyumbani. Niliomba mpaka maneno yakaniisha, nikabaki kutaja jina lake tu. Dafrosa alikuja kila siku, akachanganya chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Siku ya tano mtoto akadaka ziwa, akalivuta kwa nguvu mpaka nikalia.

"Nisamehe, mama Hiza," Dafrosa akasema. "Mimi ndiye niliyehamisha vigingi."

"Ulivihamisha kwa maneno ya nani?"

Akaokota kijiko, akaanza kukiosha.

"Haya, chukua kipimo chako na jembe. Twende."

Tukapima upya. Kamba ikatulia palepale pa mwanzo, mbele ya mgomba mmoja uliobaki, wa Hiza. Dafrosa akakigeuza kipimo, mguu huu ukaenda kule, akapima tena. Alama ileile. Hakuweza kuniangalia.

Nikalichukua jembe mikononi mwake. "Jiwe la kamba," nikasema, "halimjui mwenye shamba." Nikauchimba mgomba ule mwenyewe. Chipukizi lake nikaling'oa na udongo wake, nikalipanda juu ya tuta la mfereji.

Majirani waliokuwapo ndio waliolibeba neno lile. Mtu akija kwenye mgawo wa zamu na kuanza, "Mimi ni ndugu yako," anajibiwa hivyo, anakwenda kuchukua jembe.

Chipukizi lile limezaa vizazi na vizazi. Hata ndizi mlizokula jana zimetoka pale. Na Hiza ndiye baba yenu. Yeye anajua alinyweshwa nini kwa kijiko, na kwa sababu gani. Basi msimwone mkali. Ndoo na majembe yako nyuma ya jiko, na chemchemi inawasubiri.

Jiwe la kamba halimjui mwenye shamba.