Njia ya Kwenda Kalusi

Mwanzo wa njia una njia yake. Katekista aliwaambia hivyo kwenye kikao chenu cha jana, mkacheka, mkadhani mzee wa watu amechoka. Leo mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa, kwenye baraza hii mliyoijaza matope ya viatu vyenu, na aliyeyasema wa kwanza ni mama yangu mzazi. Kaeni. Anayetaka kunisaidia kuchambua maharage achukue ungo, asiyetaka anyamaze tu. Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa, na ilizaliwa hivi.

Hija ya Mlima Usowe mnaijua. Watu wanaanzia Kalusi, ufukoni mwa ziwa kule bondeni, wanapanda genge, ule mteremko mkali wa mawe, wanapita vijiji vyote hivi mpaka kwenye msalaba ulio juu ya mlima. Kila mtu anaokota jiwe dogo ufukoni kwa mkono wake mwenyewe, analibeba njia nzima, analiweka chini ya msalaba. Jiwe la kupewa halina kazi. Gari mhujaji hapandi. Tena haingii nyumbani kwake mpaka jiwe litue. Sheria ni hizo tu, wala hazijaandikwa popote.

Sasa kijiji chetu kiko katikati ya njia. Kutoka hapa mpaka msalabani ni mwendo wa kutwa, lakini kurudi nyuma mpaka Kalusi ni safari ya kulala njiani, tena si mara moja. Kila mwaka baada ya mavuno mahujaji hupita mlangoni wakiimba, tunawapa maji na viazi, wanakwenda zao. Na kwa sababu njia inapita mlangoni, zamani hizo hakuna mtu wa kijiji hiki aliyekuwa amewahi kwenda hija. Kila mmoja alijiona amekwisha karibia.

Baba yangu, Desideri, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nilipokuwa mtoto niliugua surua mpaka sanda ikatafutwa. Baba akaweka nadhiri kwamba mtoto akipona, atatembea hija kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikapona, kama mnavyoniona, na mahindi ya kuchoma bado nayatafuna. Baba akasema atakwenda mwaka ujao. Mwaka ukaja, akasema njia haikimbii, iko hapa hapa, siku yoyote ataingia tu. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, baba bado anaingia mwaka ujao.

Kisha akapooza upande mmoja. Akawa mtu wa kitandani, na nadhiri ile ikaanza kumtafuna. Alipowasikia mahujaji wakipita aligeuza uso ukutani. Mama yangu, Yustina, hakuweza kuvumilia kumwona vile. Alikwenda kwa padre, akaambiwa mke anaweza kuibeba nadhiri ya mume, akarudi na nia moja: kuitimiza baba akiwa hai, ili asife na neno lake likining'inia. Shida ilikuwa magoti. Mama alikuwa na magoti mabovu, na yeye mwenyewe alisema yamebakiza safari moja, si mbili.

Hapo ndipo vichwa vilipoanza kutuzunguka. Njia ya kwenda msalabani kila mtoto aliijua. Lakini mwanzoni kunakwendwaje? Hakuna aliyewahi kujiuliza.

Katekista wa wakati ule, Nestori, akasema mhujaji hapandi gari, kwa hiyo mama ashuke kwa miguu. Baba mdogo Kauzeni, mdogo wake baba, akasema huo ni upuuzi, mtu hawi mhujaji mpaka aokote jiwe, kwa hiyo apande lori la samaki linalorudi ziwani tupu. Jirani yetu Mama Veronika akasema Mungu si askari wa barabarani, mama aungane tu na wenzake watakapopita hapa. Mama akamuuliza, na jiwe je? Mama Veronika akasema, aa, jiwe, kisha akakumbuka ameacha chungu jikoni.

Basi mama akawa anafunga mzigo na kuufungua. Siku akiamua lori, anaambiwa lori limebadili njia kwa sababu daraja limebomoka. Siku akiamua miguu, magoti yanamkumbusha. Akimuuliza mtu mmoja anapata majibu mawili. Nilimkuta jikoni anazungumza peke yake.

"Nikienda kwa miguu, nimekwisha anza," alikuwa akisema. "Kama nimeanza, naenda Kalusi kufanya nini? Na kama sijaanza, mbona nakatazwa gari?"

Mpaka leo sina uhakika na jibu lake.

Asubuhi moja akaniachia baba, akachukua fimbo, akatoka. Mahujaji wote wakifika hapa wanakwenda kushoto, kuelekea mlima. Mama akaenda kulia. Majirani walisimama wakimtazama anavyoupa mlima mgongo, na Kauzeni akatikisa kichwa. Yaliyofuata sikuyaona, alinisimulia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alicheka pale pale.

Hakuwa amefika mbali lori la samaki, lililokwisha rudi kwenye njia yake, likatokea nyuma yake, tupu kabisa. Dereva akasimama. Mama akaushika mlango, akauachia, akaushika tena. Mwisho akamuuliza dereva, kwa jinsi anavyomwona, yeye ni mhujaji au bado? Dereva akamjibu kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu, mambo hayo hayajui, ila gari anaondoa. Akaondoa. Mama akabaki kwenye vumbi, anajiona ameshika sheria kuliko padre. Alipofika mtoni goti la kulia likaanza kuwaka, na fahari yote ikaisha.

Kisha akaanza kukutana na mahujaji wanaopanda. Kuna desturi hapo. Kwenye njia ile, anayeshuka ni yule aliyekwisha fika msalabani, anarudi kwake. Wanaopanda wakimwona hupiga magoti ili awawekee mikono na kuwaombea. Kundi la kwanza lilipomwona mama anashuka na fimbo yake, anachechemea, likapiga magoti barabarani. Akawaambia wainuke, yeye hata hajaanza. Wakatazamana, mmoja akasema, oneni unyenyekevu wa mama huyu, na hapo ndipo wakamng'ang'ania zaidi.

Kundi jingine likamuuliza msalaba unafananaje. Aliishi chini ya mlima ule maisha yake yote na hakuwahi kuuona kwa karibu. Akasema ni mrefu. Wakaitika amina. Kadiri alivyoteremka ndivyo alivyozidi kuheshimiwa, na kadiri alivyoheshimiwa ndivyo alivyozidi kuona aibu. Mwishowe akachoka kukana. Akawa anawawekea mikono tu, huku moyoni anaomba asamehewe kwa kugawa baraka za watu wengine. Aliniambia ilifika mahali hata mwenyewe hakujua tena kama anakwenda au anarudi.

Kushuka genge ndiko kulikoyamaliza magoti. Alifika Kalusi ameikumbatia fimbo, akakaa mchangani, mawe yale yamejaa mbele yake, akashindwa hata kuinama kuokota moja. Akalia. Nguvu ya safari moja aliyokuwa nayo ameimalizia kwenye kufika mwanzoni.

Palikuwa na mzee aliyekaa ufukoni pale kuwaombea wanaoanza, jina lake Polikarpo. Alimkaribisha, akamwuliza anatoka wapi, na aliposikia akashangaa. Watu wa kijiji hicho alikuwa akiwasikia tu kwamba wanatoa maji mazuri. Akampeleka kwa mkewe, wakamkanda magoti kwa maji ya moto, wakamlisha. Mama alipopata nafuu akamuuliza lile swali lake, kwamba njiani kote kule alikuwa mhujaji au hakuwa. Mzee akayatazama magoti yale.

"Hilo sijui, mama," akasema. "Ila lori ungepanda."

Hapo ndipo mama alipokuwa akicheka kila anaposimulia. Siku ile, alisema, hakucheka.

Akapumzika mpaka akaweza kuinama. Akaokota jiwe, dogo, la rangi ya ini, akalifunga kwenye pindo la kanga. Kundi la akina mama wa ziwani likamchukua, huyu ambebee mzigo, yule amshike mkono mlimani. Akaanza kuipanda ile njia aliyoishuka, mguu baada ya mguu.

Sisi huku hatukuwa na habari. Baba alikuwa anaishiwa. Kila kukicha aliniuliza kama mama amefika, namwambia bado, naye ananiuliza amefika wapi, nami sijui nijibu nini. Moyoni nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Niliogopa atakufa anageukia ukuta.

Siku wimbo wao uliposikika nilitoka mbio. Mama alikuwa katikati ya kundi, amekonda, anavuta mguu. Nikamshika mkono nimwingize ndani haraka. Akasimama pale barabarani, hasogei. Mhujaji haingii nyumbani kwake mpaka jiwe litue. Sheria hiyo hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuhitaji kuikumbuka, maana hakuna aliyewahi kupita mlangoni kwake akiwa mhujaji. Nestori aliitwa, akasema kweli haingii, kisha akasema labda anaingia, kisha akavua kofia akakaa chini. Mama yuko barabarani hawezi kuingia, baba yuko ndani hawezi kutoka, na mimi katikati nalia.

Kauzeni ndiye aliyeingia ndani. Akaniita, tukashika kitanda cha kamba, yeye huku mimi kule, tukamtoa baba na blanketi lake mpaka kando ya njia. Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu yake ikiwa bado barabarani.

"Mama Agripina," baba akasema, na maneno yalimtoka kwa shida. "Umefika?"

"Sijafika, Baba Agripina. Ndiyo nimeanza."

"Siku zote hizi? Unaanza?"

"Mwanzo wa njia una njia yake," mama akasema. "Wewe na mimi hatukujua."

Akafungua pindo la kanga, akaliweka jiwe kwenye kiganja cha baba, ule mkono uliokuwa mzima. Baba akalishika.

"Mimi nilidhani mwanzo uko hapa mlangoni," akasema. "Kila mwaka wakipita naona kama nusu nimekwisha kwenda."

Mama alikuwa akimpangusa mate kwenye kidevu kwa pindo lile lile lililobeba jiwe.

"Basi na mimi nimeanza," baba akasema.

"Umeanza."

Baba akamrudishia jiwe lake. "Nenda, usichelewe."

Mama akainuka. Hakugeuka nyuma, na nilimlaumu kwa hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima. Aligeukia kushoto safari hii, na wenzake wakaanza tena kuimba.

Mwendo wa kutwa mama aliulalia njiani, kwa ajili ya magoti. Baba alifariki kabla mama hajarudi. Alilala ameelekea mlangoni, si ukutani, wala nadhiri hakuitaja tena. Tukamsubiri mama ndipo tuzike.

Pale makaburini mabishano yakaanza upya. Kuna waliouliza kama jiwe lilitua baba akiwa hai au amekwisha kufa, kwamba hapo ndipo penye kujua nadhiri imetimia au haikutimia. Huyu akasema hivi, yule akasema vile, na Nestori, masikini, alikuwa amefungua kitabu na kukifunga mara kadhaa. Mama ndiye aliyewanyamazisha, na hakuinua sauti.

"Desideri hakushindwa kufika," alisema. "Alishindwa kuanza, maana mwanzo wa njia una njia yake, na hakuna aliyemwambia. Nilimletea mwanzo mpaka mlangoni, akaushika kwa mkono wake. Mfukieni mtu wangu."

Tukamfukia. Tangu siku ile maneno yale yamebaki hapa kijijini. Mtu akisema ataoa mwaka ujao, anaambiwa. Akisema shamba la mbali atalilima mvua ikinyesha, anaambiwa.

Nanyi wajukuu zangu mmeambiwa jana, mkacheka. Mmeshona sare za hija, mmewamba ngoma mpya, mmegombania nani atabeba msalaba mbele. Nilipowauliza mtafikaje Kalusi, mkasema mtajua huko huko. Huko wapi? Baba yangu alijua huko huko miaka ishirini na kitu. Wekeni hizo nyungo chini, maharage nitayamaliza mwenyewe. Mmoja aende sokoni sasa hivi akaulize lori la samaki linashuka lini, na mtapanda, wala msiniulize kama mmekwisha kuwa mahujaji au bado. Mkipita hapa mlangoni na mawe yenu nitawapa maji, ndipo nitaamini mmeanza. Mwanzo wa njia una njia yake.