Nani Alimwonyesha Nyumba ya Mwanahawa

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana watu walishazoea kuagiza gesi kwa kubonyeza simu, paliondokea mwanamke aitwaye Mwanahawa. Alimkimbia mume mpigaji, akahamia mji mwingine na mwanawe mchanga, akabadili laini ya simu. Hata mama yake mzazi hakumwambia anapoishi. Kampuni ya gesi tu ndiyo iliyojua, kwa sababu mtungi haufiki pasipo anwani. Nayo aliisihi: msimwambie mtu.

Adhuhuri moja akiwa anapika, simu ikalia.

"Dada Mwanahawa, mimi Kilua, fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya gesi. Mumeo anakuja hapo. Mchukue mtoto utoke!"

"Namba yangu kakupa nani?"

"Nimefungua taarifa zako bila ruhusa. Utanitukana baadaye, dada. Toka!"

Mwanahawa akaganda na mwiko mkononi. Je, kama huyu ndiye katumwa amtoe nje? Kisha akamkwapua mtoto, akapitia uani. Hajamaliza hata kufunga mlango wa jirani, akasikia wake unavunjwa kwa mateke. Watu wakapiga kelele, mume akatimua mbio. Hadi leo hajakamatwa.

Kesho yake Mwanahawa akaenda kwenye kampuni kwa hasira. Mkurugenzi, Bi Senorina, akawaita waliohusika, akasema, "Mmoja wetu ataacha kazi leo. Mtaje wewe, mwanangu."

Zamda, mpokea simu, akaanza kulia. "Nilimwelekeza mimi. Mumeo alipiga, akasema mtungi unavuja na mkewe hapokei simu. Gesi ikivuja hatuulizi, tunataja nyumba ili aliyepiga athibitishe, na kutuma fundi. Mwaka jana niliuliza maswali mengi, na nyumba ya watu ikateketea."

"Na ombi langu?"

"Kwenye kioo cha kompyuta yangu halionekani, dada, naona anwani tu. Wallahi sikuliona."

Kilua akasema, "Linaonekana kwangu. Nilipoona taarifa zako zimefunguliwa nikamuuliza Zamda nani kapiga, akasema mumeo, nikakupigia. Lakini neno la siri moja linalomfungulia kila mfanyakazi taarifa za kila mteja, nililitengeneza mimi. Ningelifunga, mume asingekupata. Na ningelifunga, namba yako nisingeipata."

Bi Senorina hakuinua macho. "Kilua aliniomba alifunge, nikakataa. Mafundi wangechelewa, na gesi haimsubiri mtu. Tangu nikatae, hakuna nyumba iliyoungua."

Mwanahawa akawatazama. Aliwachukia wote, na mmoja wao ndiye aliyeokoa uhai wake na wa mwanawe. Jioni hiyo hakuwa na pa kulala, maana mume ameshaijua nyumba yake. Akanyoosha kidole.

Haya, nyinyi mnaotaja nyumba zenu kila mnapoagiza mtungi, nisaidieni, maana mimi nimeshindwa: kidole kile kilistahili kumwangukia nani?