Binti wa Kukanyaga Mgongo

Mtu mmoja, mfyatua matofali, alikuwa na mgongo uliomuuma na binti mdogo wa kuukanyaga. Yeye aliitwa Lutengano, binti aliitwa Tumpale. Kutwa nzima Lutengano aliinama udongoni kama kuku anayedonoa. Jioni alijilaza kifudifudi mkekani, Tumpale akapanda, akatembea juu yake kutoka kiunoni hadi mabegani. Mtoto alikuwa mwepesi kama kifaranga. Baba aliguna kwa raha, akalala, kesho akaenda kuinama tena.

Mkewe alipochoka na miguno hiyo alimpeleka zahanati. Mama wa mazoezi ya viungo hakumpa hata kidonge. Alimwambia afyatulie matofali juu ya meza, aache kuinama, na kila asubuhi aunyooshe mgongo wake mwenyewe, hata ukilalamika. Lutengano alicheka njia nzima.

"Eti tofali mezani, kama chai!"

Yeye dawa yake ilikuwa nyumbani, haina foleni.

Ila dawa ile ilianza kupoa. "Kanyaga, wewe! Hujala?" Tumpale akakanyaga kwa kisigino. Mgongo ukazoea. Akaambiwa ambebe mdogo wake ndipo apande. Ukazoea. Akaambiwa ashike na ndoo ya mchanga. Kila nyongeza ilikuwa ndogo, na kila nyongeza ilimletea baba usingizi. Hakuona kwamba na huyo mtoto mwenyewe alikuwa anakua.

Tumpale akaolewa mbali. Lutengano akabaki na maumivu yake, akimlaani mkwewe kana kwamba ameibiwa dawa. Meza hakuigusa.

Siku binti aliporudi kusalimia, alikuwa mtu mzima, mwili umejaa, mtoto mgongoni. Baba hakungoja hata akae. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

"Baba, mimi si yule tena," Tumpale alisema.

"Mguu ni uleule. Panda na mwanao. Ndoo ile pale."

Binti akamtazama mama yake. Kisha akachukua ndoo, akapanda, kwa sababu hakuwahi kumkatalia baba. Hatua ya kwanza, Lutengano aliguna. Hatua ya pili, kitu kikavunjika ndani yake kwa mlio wa kuni kavu.

Walipomgeuza, Lutengano alivitazama vidole vya miguu yake, akaviamuru vicheze. Vikatulia, kama vya mtu mwingine. Akaviamuru tena. Akavikodolea macho tu, mdomo wazi, jasho linamtoka.

"Tumpale! Umenifanya nini?"

Binti alikuwa amejibanza ukutani, ndoo bado mkononi, hawezi hata kulia. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Hajakufanya kitu, Lutengano. Kila jioni ulimwambia aongeze."

Machela haikuwapo. Majirani waling'ang'ana, mwishowe wakambeba hadi zahanati juu ya meza ya chai. Ilimtosha vizuri. Ilikuwamo mle nyumbani mwake miaka yote.

Nawe unayesikiliza, hicho kinachokupa usingizi kila jioni, mara ya mwisho ulikipima uzito lini?