Fisi na Nyasi za Mahame

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakizika wafu wao, palikuwa na mahame juu ya kilima cha Nyamawe. Mji ulihamwa kale na kale. Zilibaki kuta za mawe na makaburi ya mababu. Nyasi za asili ndizo zilizoushika udongo wa pale, mvua isiuchukue.

Ukaja ukame. Wanyama wakazila zile nyasi mpaka mizizi. Mvua ya kwanza iliponyesha ikakikuta kilima uchi. Udongo ukateremka, kuta zikainama, na mfupa wa paja wa babu mmoja ukachungulia nje.

Simba akaita baraza. "Kilima kirudishiwe nyasi zake, zile zile za asili," akanguruma. "Nani atasimamia?"

Fisi alikwisha kusimama. Wengine walipouona ule mfupa waliona aibu. Yeye alimeza mate.

"Nipe mimi, mfalme wangu," akasema. "Makaburi ya wakubwa hayaachiwi kila mtu. Ila kazi hii yataka utulivu. Asikanyage mtu kilimani mpaka nyasi zishike. Na posho kidogo ya nyama, maana mpandaji hana wasaa wa kuwinda."

"Mjomba Fisi," akauliza Sungura kutoka nyuma, "tangu lini ukajua kupanda nyasi?"

"Wewe kazi yako kuzila, si kuuliza zinavyopandwa!"

Baraza likaangua kicheko. Na Simba, aliyependa kuitwa mfalme kuliko alivyopenda kufikiri, akampa kazi.

Fisi hakupanda hata mzizi mmoja. Alikwenda mtoni, akakata majani mabichi kwa meno, akayachomeka ardhini kama vijiti. Yaliponyauka, akaleta mengine. Mpumbavu yule! Lau angepanda kweli, angekwisha kupumzika. Lakini kila alipochoka alifukua kaburi, akavunja mfupa, akajifariji: "Wafu hawasikii maumivu, na walio hai wanatazama kwa mbali."

Kweli walitazama kwa mbali. Simba alipokuja kukagua aliishia chini ya kilima, kwa kuwa mfalme hainamii majani.

"Kumependeza," akasema.

"Kama manyoya ya shingoni mwako, mfalme wangu."

"Manyoya yangu si ya kijani."

"Nasema uzuri, si rangi," Fisi akadakia, na Simba akaondoka ameridhika.

Sungura hakuondoka. Aliokota jani lililopeperushwa na upepo, akaligeuza. "Mjomba, jani hili halina mzizi. Limekatwa kwa meno."

"Panya hao."

"Panya wa siku hizi wana meno makubwa," akasema Sungura, akaenda zake.

Fisi hakujali. Nani angemwamini Sungura, hali Simba mwenyewe amekwisha kusifu? Mwenye kiburi hakubali upesi kwamba amedanganywa.

Sungura alilijua hilo pia. Kulipokucha akapita chini ya kilima pamoja na Nyati, akizungumza kwa sauti kubwa. "Umesikia? Simba anamhamisha babu yake mkuu, yule aliyelazwa chini ya ukuta wa magharibi. Wanamchukua jioni."

"Yule jitu?" akauliza Nyati.

"Huyo huyo. Wazee husema mifupa yake bado ina uboho."

Huko juu, masikio ya Fisi yalisimama. Uboho! Na jioni uchukuliwe? Moyo ulimwambia angoje; tumbo likamwambia moyo unyamaze. Jua la utosi lilipowalaza wanyama vivulini, akaanza kuchimba chini ya ukuta. Udongo ulitoka kama unga, haukushikwa na mzizi wowote, naye akafurahi kuona kazi ni nyepesi hivyo. Akazamisha kichwa, akazamisha mabega, akaung'ata mfupa.

Ukuta ukamwangukia kiunoni.

Ukelele wake uliwaamsha hata viboko mtoni. Simba akaja mbio, akapanda kilima kwa mara ya kwanza. Kila alipokanyaga, majani yalianguka.

"Nyasi zangu zimekufa!"

"Hazikupata kuishi, Bwana Mkubwa," akasema Sungura. "Zilichomekwa."

Wakamkuta Fisi amebanwa na mawe, mfupa kinywani, makaburi matupu yakimzunguka.

"Nilikuwa nautegemeza ukuta," akagugumiza.

"Kwa meno?" akauliza Nyati.

Safari hii aliyechekwa ni Fisi. Ni Simba peke yake ambaye hakucheka, maana alikumbuka maneno yale ya manyoya ya shingoni. Wakamvuta Fisi nje. Kiuno hakikunyooka tena, na mpaka leo hutembea ameinamisha makalio. Posho ikakatwa. Akaamriwa kubeba mgongoni mabonge ya ukoka, mizizi na udongo wake, kutoka mabonde ya mbali ambako nyasi za asili zilisalia, huku akitemewa mate njiani na kila aliyekuwa akimwita msimamizi. Wenzake wakayapanda kati ya makaburi, na safari hii Simba aliinama, akayashindilia kwa kiganja chake mwenyewe. Mvua iliyofuata ikanyesha kwa nguvu, na udongo haukuondoka.

Njia ya mwongo ni fupi.