Kizibo cha Merikebu ya Ndugu Wawili

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo. Mzee wangu pale nguzoni, nafasi ipo. Leo nitawapigia mfano, na mfano wenyewe una merikebu, kwa hiyo kunjeni miguu vizuri, tuna safari.

Katika mji mmoja wa bandari, ambao msiutafute kwenye ramani, palikuwa na ukoo wa waunda merikebu. Hawakuanza wakiwa wakubwa. Babu yao alikuwa akiziba mitumbwi ya watu, akilipwa samaki. Siku moja mama wa Sultani alipanda chombo cha mtu mwingine, kikaanza kuvuja karibu na ufuo, na aliyejitosa majini kukiziba ni yule babu. Sultani akampa kazi ya kuunda merikebu moja. Ikaenda, ikarudi. Akampa ya pili. Ilipofika ya kumi akampa na ukabaila: kiti cha mpingo chenye mto mwekundu, na haki ya kupigiwa siwa, lile baragumu la wakubwa, kila anaposhua chombo, anapokiteremsha majini kwa mara ya kwanza.

Basi watu walioitwa waziba mitumbwi wakaitwa mabwana wa kiti. Jirani aliyekuwa akipita bila salamu akakumbuka ghafla kwamba wao ni ndugu kwa upande wa shangazi. Mnacheka. Hamjawaona ndugu wa namna hiyo hapa mtaani?

Kiti kikatoka kwa babu kikaenda kwa baba. Baba akafariki, akaacha mke na watoto watatu: mwana mkubwa, binti, na mwana mdogo. Na kiti ni kimoja.

Siku ya arobaini, sinia za pilau hazijaondolewa, mkubwa akasema, "Kiti ni changu. Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza."

Mdogo akamjibu, "Ulizaliwa kwanza, kisha ukalala. Merikebu tatu za mwisho nilisimama nazo mimi."

Wakamgeukia mama yao. Mama akasema, "Mimi niko msibani." Alikuwa na kitu alichokifunga kwenye pindo la kanga yake. Akakaza fundo. Binti hakuulizwa. Alikuwa jikoni akiosha sinia.

Ugomvi ukafika kwa Sultani. Sultani akawasikiliza mpaka akachoka, akasema, "Niundieni merikebu moja, nyote wawili. Siku ya kuishua nitajua nani wa kiti."

Nyinyi mngefanyaje? Mngekaa, mngepatana, huyu akate mbao na yule apigilie. Wao walichukua chokaa wakapiga mstari juu ya mkuku, ule mti mkubwa unaolala chini ya chombo kama uti wa mgongo, tangu omo, mbele, mpaka tezi, nyuma. Kulia kwa mkubwa. Kushoto kwa mdogo. Kila mmoja na mafundi wake, na amri ikatolewa: asivuke mtu mstari.

Ndugu zangu, ilikuwa kazi ya kuchekesha na ilikuwa kazi nzuri. Msumari wa kulia ukidondokea kushoto, hauokotwi. Fundi wa kushoto akisahau tezo yake ya kuchongea kulia, anamtuma mtu aende sokoni akanunue nyingine. Mkubwa alichonga maua ubavuni mwake. Mdogo akachungulia, akachonga maua na ndege. Mkubwa akasikia, akaongeza ndege, na kila ndege akampa tunda mdomoni. Mdogo akapaka mbao mafuta ya papa mara mbili, mkubwa mara tatu. Mbao zilishikana hata wembe haupenyi. Watu walikuja kutoka miji ya jirani kutazama, wakatoka wamegawanyika, hawa wa kulia, hawa wa kushoto, na wengine waliacha kualikana harusini kwa ajili ya chombo ambacho hawatakipanda.

Aliyekuwa akivuka mstari ni mmoja tu, binti, kwa sababu ndiye aliyewapelekea chakula wote. Naye siku moja akiwa na sufuria ya ubwabwa aliona jambo.

Merikebu inapokuwa nchi kavu huachiwa tundu chini kabisa, ndani ya ngama, mle yanamokusanyika maji machafu, ili mvua ikinyesha maji yatoke. Kabla ya kushua, tundu hutiwa kizibo. Waunda vyombo hukiita nguruzi. Mstari wa chokaa ulikuwa umepita juu ya lile tundu, katikati yake barabara.

Binti akamwendea mkubwa. "Kaka, kizibo atatia nani?"

"Tundu liko upande wa nani?"

"Liko katikati."

"Basi si upande wangu. Huu ubwabwa mbona hauna nazi?"

Akamwendea mdogo. Mdogo akasema, "Dada, hiyo ni kazi ya vibarua. Kamuulize mkubwa mwenzio, wakubwa hujua kila kitu."

"Vibarua mmewakataza kuvuka mstari. Na baba alikuwa akikitia mwenyewe."

Mdogo akacheka mpaka akakaa. "Baba? Baba mwenye joho la dhahabu aingie ngamani, kwenye mafuta ya papa? Dada, umeota."

Hakuwa ameota. Baba alikuwa akiamka kabla ya alfajiri siku ya kushua, akivua kanzu, akiingia ngamani kwa tumbo, akikigongomea kizibo kwa mkono wake, kama babu alivyofanya siku ile ya mama wa Sultani. Akirudi nyumbani ni mweusi kama chungu, na aliyemchemshia maji ya kuoga ni huyu binti. Wavulana waliamshwa baadaye. Walipomwona baba yao, alikuwa amekwisha kuoga, amevaa joho, amekaa kitini, na siwa inalia. Walikua wakidhani ukubwa ndio ule.

Siku ikafika. Sultani amekaa ufuoni, watu wamejaa, kiti cha mpingo kimewekwa kivulini, kitupu. Ndugu wawili wamepanda tezi, kila mmoja amesimama upande wake, kila mmoja na joho. Siwa ikapigwa. Watu wakaivuta merikebu kwa kamba, ikateleza juu ya magogo, ikaingia majini. Ikaelea. Haikuegemea kulia, haikuegemea kushoto. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha ikaanza kushuka.

Mkubwa akatazama miguu yake. "Upande wako unavuja."

"Wangu ni mkavu. Angalia wako."

"Wangu umepakwa mara tatu."

Na kweli, hapakuwa na ubavu uliovuja. Merikebu ilizama ikiwa imenyooka sawasawa, na maua yake, na ndege wake, na matunda midomoni mwao, mpaka ikakaa mchangani. Maji hayakuwa na kina kirefu, kingo zikabaki juu. Ndugu wawili, walioshuka ndani kukagua, walibaki wamesimama, maji yamewafika kifuani, majoho yanaelea pembeni yao, na bado wanabishana. Sultani alifunika uso kwa kilemba. Wengine walidhani analia.

Binti hakusubiri. Alimkimbilia mama yake, "Mama, baba hakuacha kizibo?"

Mama akafungua fundo la kanga yake, akamwekea mkononi kipande cha mti kisichozidi kidole gumba. "Kilikuwa hapa. Baba yenu alikichonga kwa ajili ya chombo kijacho, akaniachia, akasema, mpe atakayekuja kukiomba."

"Kwa nini hukutuambia tangu arobaini?"

"Ningewaambia, ndugu zako wangegombea kukishika. Mimi nilitaka wa kukitia."

Binti akajifunga kibwebwe, akaingia majini, akazama ngamani, akaibuka kuvuta pumzi mara mbili, na mara ya tatu akakitia. Alipopanda juu alikuwa mweusi kwa mafuta tangu kichwani. Akawaambia kaka zake neno moja tu, "Ndoo." Na wale mabwana wawili, kwa mara ya kwanza tangu arobaini, wakasimama upande mmoja. Mkubwa akateka, mdogo akamwaga. "Pokea, mdogo wangu." "Lete, kaka." Mafundi wa kulia na wa kushoto wakaruka ndani na masufuria. Ilipokaribia alasiri merikebu iliinuka.

Sultani akaita, "Mwenye kiti aje akae."

Mkubwa akamtazama mdogo. Mdogo akamtazama dada yao. Wakamshika mkono, huyu kulia, huyu kushoto, wakampeleka mpaka kitini. Yeye akautazama ule mto mwekundu, akasema, "Nimelowa mafuta, nitauharibu. Nitakaa nikishaoga." Siwa ikapigwa hata hivyo, naye akiwa njiani kwenda nyumbani kuoga. Safari hii waliochemsha maji ni kaka zake, na inasemekana waliyaunguza. Msiniulize maji yanaunguaje.

Sasa tuwaache wale, tuje kwetu sisi.

Wale ndugu walikuwa wavivu? Hapana. Walifanya kazi usiku na mchana. Walikuwa mafundi wabaya? Hapana, mbao zao hazikuvuja. Kila mmoja aliufanya upande wake ukawa mzuri, na chombo kikazama kwa mahali pasipokuwa upande wa mtu. Je, sisi hatuna mahali hapo? Nyumbani mwetu, mgonjwa ana watoto saba, na kila mtoto anajua kwamba kuna mwingine aliyekwenda kumtazama. Kila mmoja ana upande wake, nao umepakwa mara tatu.

Na ukubwa tunaoutaka, tunaujua kwa joho lake. Hatujapata kuuona alfajiri, ukiwa umelala kwa tumbo.

Mimi sikuwa na nia ya kumsema mtu. Lakini mnajua kwamba Ijumaa ijayo tunachagua kamati ya msikiti wetu. Wiki mbili zilizopita nilibandika karatasi mbili pale mlangoni, juu ya viatu. Ya kwanza ni ya wanaotaka uenyekiti. Imejaa mbele, imejaa nyuma, na mmoja wenu amejiandika ubavuni kwa kuzungusha karatasi. Ya pili ni ya kuzibua mfereji wa pale tunapotawadhia, ambao nyote mmeuruka leo mkija, nikawaona, mmeinua kanzu. Ile ina jina moja. Limetoka upande wa akina mama. Ni la Bi Mwanakheri, ambaye mwaka huu anatimiza miaka themanini na moja, na ufagio wake amekwisha kuuleta.

Asubuhi hii nimeibandua karatasi ya kwanza. Imebaki ya pili. Anayetaka uenyekiti naye ajiandike humo humo, na Ijumaa tutamchagua mmoja kati ya tutakaowaona mferejini.

Kalamu iko pale mlangoni. Nimeifunga kwa uzi.